Trolibasi za London, 1931–1962: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila inapoonekana picha ya zamani ya London yenye basi jekundu la ghorofa lililobeba fito mbili ndefu kichwani, maswali huwa yale yale. Nimeyakusanya hapa na kuyapanga kuanzia ya msingi hadi yale ya pembeni kabisa. Mwenye haraka aruke moja kwa moja hadi swali la 14. Ndilo linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linaloniuma kuliko yote.

## Mambo ya msingi

1. Trolibasi ni kitu gani hasa?

Ni basi la tairi za mpira linaloendeshwa na mota ya umeme badala ya injini. Umeme wake unatoka kwenye nyaya zilizotandazwa juu ya barabara. Juu ya paa kuna fito mbili zenye springi zinazozisukuma juu zigandamize nyaya, na kwenye ncha ya kila ufito kuna kiatu kidogo kinachoteleza chini ya waya. Dereva ana usukani kama dereva wa basi lolote, na anaweza kusogea mita nne hivi kulia au kushoto mwa nyaya ili kukwepa gari lililoegeshwa au kuingia kituoni.

2. Kwa nini nyaya mbili? Treni ya umeme mbona ina waya mmoja?

Umeme lazima uwe na njia ya kwenda na njia ya kurudi. Treni ya SGR inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma inachukua umeme kwenye waya wa juu na kuurudisha kupitia reli. Trolibasi haina reli, na tairi za mpira hazipitishi umeme. Kwa hiyo inahitaji waya wa pili wa kurudishia. London nyaya hizo mbili zilikaa sambamba, sentimita 60 hivi kutoka mmoja hadi mwingine.

3. Trolibasi na tramu je, si kitu kimoja?

Hapana. Tramu inatembea juu ya reli zilizozikwa barabarani na haiwezi kukwepa chochote. Trolibasi imerithi umeme wa tramu na uhuru wa basi. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua mambo mengi London, kama utakavyoona katika swali la 5.

## Kuanza na kukua

4. Zilianza lini, na mtaa gani?

Tarehe 16 Mei 1931, kati ya Twickenham na Teddington, kusini-magharibi mwa London. Mwendeshaji alikuwa London United Tramways, kampuni ya tramu iliyokuwa imechoka na reli zake kuukuu. Ilinunua trolibasi 60 za ghorofa zenye viti 56 kila moja na taa kubwa moja katikati ya uso. Watu walizipachika jina la "Diddler", na jina likadumu.

London haikuwa ya kwanza Uingereza. Leeds na Bradford zilizindua za kwao siku moja, 20 Juni 1911. London yenyewe ilishaonyeshwa trolibasi ya majaribio huko Hendon mwaka 1909, lakini ikakaa zaidi ya miaka 20 bila kuichukua.

5. Kwa nini waliacha tramu, na kwa nini hawakwenda moja kwa moja kwenye mabasi ya kawaida?

Tarehe 1 Julai 1933 usafiri wote wa London uliwekwa chini ya chombo kimoja cha umma, London Passenger Transport Board. Chombo hicho kilirithi tramu zaidi ya 2,500, nyingi zikiwa zimezeeka, pamoja na reli zilizohitaji kung'olewa na kutandikwa upya. Sheria ya tramu ya mwaka 1870 ilimlazimisha mwenye reli kutunza barabara katikati ya reli na hata ukanda mwembamba nje yake. Maana yake, tramu ililipia lami iliyokuwa ikichakazwa na malori na magari ya watu wengine. Abiria naye alilazimika kushuka katikati ya barabara huku magari yakimpita pande zote mbili.

Trolibasi ilimaliza yote mawili kwa mpigo mmoja. Reli zikaondoka pamoja na mzigo wa kutunza lami, na abiria akapandia ukingoni mwa barabara. Lakini mali kubwa ya tramu, yaani umeme, haikutupwa. Vituo vya kupoza umeme, nyaya za chini ya ardhi na mtambo wa Greenwich, uliojengwa na halmashauri ya London kwa ajili ya tramu zake, viliendelea kufanya kazi. Mabasi ya dizeli ya wakati huo yalikuwa madogo na dhaifu ukiyalinganisha na trolibasi ya ekseli tatu yenye viti 70, iliyoondoka kituoni kwa nguvu na bila kubadilisha gia. Katika njia zenye vituo vingi, hapo ndipo dakika zinapookolewa.

Kazi haikuwa nyepesi, hata hivyo. Sehemu kubwa ya tramu za ndani ya London zilichukua umeme chini ya barabara, kwenye mfereji mwembamba kati ya reli, kwa hiyo mitaa hiyo haikuwa na nyaya za juu hata kidogo. Ilibidi kusimamisha nguzo mpya za chuma mtaa kwa mtaa.

6. Mtandao ulifikia ukubwa gani?

Ukawa mkubwa kuliko wote duniani wakati wake: trolibasi 1,811 katika njia 68. Na kilichonishangaza mimi ni kasi. Ubadilishaji wa tramu ulianza Oktoba 1935, na wa mwisho ulifanyika Juni 1940, Ufaransa ikiwa inaanguka ng'ambo ya bahari. Ni chini ya miaka mitano kwa kazi ambayo miji mingi leo ingeitengea kizazi kizima. Njia zilipewa namba za kuanzia 500 na 600 ili zisichanganywe na za mabasi.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndivyo vilivyosimamisha kazi hiyo. Tramu nyingi za kusini mwa London zilibaki na reli zao hadi Julai 1952, na zilipoondolewa hazikufuatiwa na trolibasi bali na mabasi ya dizeli. Huo ulikuwa mwelekeo mpya, ingawa wakati ule si wote walioutambua.

7. Mbona hazionekani kwenye picha za Piccadilly wala Oxford Street?

Kwa sababu hazikufika huko. Trolibasi zilifuata nyayo za tramu, na tramu zilikuwa zimezuiwa kuingia moyo wa jiji tangu mwanzo. Njia zilifika ukingoni, kama Holborn, Moorgate na Aldgate, zikageuka. Ndiyo maana mtalii wa miaka ya 1950 aliweza kukaa London wiki nzima bila kupanda hata moja, wakati mfanyakazi wa Walthamstow au Ilford alizipanda kila siku ya Mungu. Zilikuwa usafiri wa watu wa pembeni ya jiji, watu wa viwandani na bandarini, na nadhani hilo limechangia zisahaulike upesi.

## Kazi ya kila siku barabarani

8. Fito zikichomoka kwenye nyaya inakuwaje?

Gari linazimika, taa za ndani zinafifia, na ufito uliochomoka unayumba juu ukigonga nyaya. Kondakta anashuka na kuvuta mti mrefu wa mwanzi kutoka kwenye bomba lililo chini ya gari. Mwanzi ulichaguliwa kwa sababu ni mwepesi na haupitishi umeme. Anaunasa ufito kwa ndoano ya mwanzi, anaushusha, kisha anaurudisha taratibu hadi kiatu kikae tena chini ya waya. Mwenye uzoefu alimaliza kwa muda mfupi tu. Kwenye mvua na giza, huku foleni inapiga honi nyuma yake, ilikuwa shughuli ya kuheshimika.

Mara nyingi fito zilichomoka kwenye kona na makutano dereva alipopita kwa kasi. Kwa hiyo dereva alitakiwa kuzijua nyaya zake kama anavyoijua barabara: wapi apunguze mwendo, na wapi aondoe mguu kwenye pedali kwa sababu nyaya zinapishana na kipande hicho hakina umeme.

9. Njia zikigawanyika, trolibasi ilijuaje iende wapi?

Nyaya zilikuwa na swichi zake, kama reli. Katika makutano mengi kulikuwa na nguzo yenye mkono wa kuvuta. Kondakta alishuka, akauvuta na kuushikilia hadi fito zipite, kisha akakimbia kulidandia gari lake. Ukiona picha ya kondakta anakimbia nyuma ya trolibasi, usidhani ameachwa.

10. Moja ikiharibika, zilizo nyuma zilipitaje?

Hazikuweza kuipita zikiwa kwenye nyaya zile zile hadi fito za ile iliyoharibika zishushwe. Hilo ni udhaifu wa kweli wa mfumo, na sioni haja ya kuuficha. London ilipunguza tatizo kwa kuziwekea trolibasi nyingi betri za kuziwezesha kujikokota umbali mfupi bila nyaya. Betri hizo zilitosha kuondoka njiani au kuzunguka kizuizi, si kumaliza safari.

11. Vilima je?

Hapo ndipo zilipong'ara, kwa sababu mota ya umeme hutoa nguvu yake kubwa tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Njia ya 611 ilipanda Highgate Hill, mlima mkali ambao mwaka 1884 uliwekewa tramu ya kuvutwa kwa kamba ya chuma. Sheria za usalama zilitaka trolibasi za hapo ziwe na breki maalumu za kuzuia gari lisirudi nyuma wala lisikimbie likiteremka. Anerley Hill, kwenye njia ya 654 ya kwenda Crystal Palace, nayo ilipewa trolibasi zake fupi kidogo. Ukumbuke kilima hicho, maana tutakirudia katika swali la 20.

12. Ni kweli zilikuwa kimya?

Kimya kiasi cha kushtua. Kilichosikika ni mvumo wa mota, mlio wa tairi na mteleze wa viatu vya fito chini ya nyaya. Waliozisifu walisifu ukimya huo, na waliozilaumu walisema mtu anayevuka barabara bila kutazama angeshtukia gari limeshamfikia. Leo malalamiko hayo hayo yanatolewa dhidi ya magari ya umeme, na sheria za Ulaya zinayataka yatoe sauti yakiwa kwenye mwendo mdogo.

## Wakati wa vita

13. Nimesikia London ilikuwa na trolibasi zilizotengenezwa kwa ajili ya Afrika. Ni kweli?

Kweli kabisa. Durban na Johannesburg zilikuwa na mitandao yao ya trolibasi, na ziliagiza magari Uingereza. Vita vilipopamba moto, kuyasafirisha kwa meli kukawa hakuwezekani. London nayo ilikuwa inapoteza magari kwa mabomu. Basi trolibasi 43, yaani 25 za Durban na 18 za Johannesburg, zikabaki na kupewa gereji ya Ilford, mashariki mwa jiji.

Zilikuwa na upana wa futi 8, wakati kanuni ya Uingereza iliruhusu futi 7 na nusu, kwa hiyo zilihitaji kibali maalumu. Vioo vyake vilitiwa rangi kupunguza jua la Afrika. Hebu fikiria abiria wa Barking mwezi Januari, katikati ya ukungu na taa zilizozimwa kuogopa ndege za adui, amekaa nyuma ya kioo kilichokusudiwa kumkinga na jua la Durban. Zilifanya kazi Ilford hadi 1959, na hazikuwahi kukanyaga Afrika.

Kuhusu mabomu yenyewe, pigo moja kubwa liliangukia gereji ya Bexleyheath mwezi Juni 1944, iliyopigwa na bomu la kuruka la Wajerumani. Njia za Bexleyheath zilikuwa zimetengwa, nyaya zake hazikuungana na za mtandao mwingine, kwa hiyo magari ya kuziba pengo hayakuweza kujiendea yenyewe. Ilibidi yavutwe.

## Mwisho

14. Kwa nini zilifutwa?

Watu wengi wanatarajia jibu moja. Hakuna. Kuna sababu kadhaa zilizokutana, na uamuzi ukatangazwa Aprili 1954.

Ya kwanza ni umri. Kwa kuwa mtandao ulijengwa haraka (swali la 6), karibu magari yote yalizeeka pamoja. Hesabu ya kuyabadilisha ilikuja yote kwa wakati mmoja, pamoja na ya nyaya na vifaa vya umeme vya miaka ya 1930.

Ya pili ni barabara. London ya baada ya vita ilikuwa inajengwa upya, makutano yanapanuliwa na mitaa inageuzwa kuwa ya upande mmoja. Kila badiliko lilimaanisha nguzo kuhamishwa na nyaya kuchorwa upya. Basi la dizeli linabadilishiwa njia kwa kibao tu.

Ya tatu ni abiria. Televisheni na magari binafsi vilianza kuwapunguza, na baada ya uamuzi kutangazwa, mgomo wa mabasi wa mwaka 1958, uliodumu karibu wiki saba, uliwafanya wengine wasirudi tena. Njia zikiwa na abiria wachache, gharama ya nyaya inagawanywa kwa watu wachache.

Ya nne ni utamaduni wa shirika lenyewe. Wahandisi wa London Transport, shirika la usafiri la jiji, walitaka gari la aina moja kwa jiji zima. Routemaster, basi la dizeli la ghorofa, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka huo huo wa 1954, ilibuniwa ikitazamiwa kuchukua nafasi ya trolibasi. Ilikuwa nyepesi, imara, na ilibeba watu 64 dhidi ya 70.

Sasa niseme ninachoamini. Kila moja ya hoja hizo ina mantiki ukiitazama peke yake. Lakini Desemba 1952 London ilifunikwa na moshi mzito ulioua maelfu ya watu, na mwaka 1956 Bunge likapitisha sheria ya hewa safi. Miaka mitatu baadaye jiji hilo hilo likaanza kuyaondoa magari yasiyotoa moshi barabarani na kuweka ya dizeli. Moshi uliotazamwa ulikuwa wa makaa ya mawe, ule unaoonekana kwa macho. Wa dizeli haukuingizwa kwenye hesabu, na waliouvuta kwa miongo iliyofuata ni wale wale wa swali la 7.

15. Kuzifunga kulichukua muda gani?

Miaka mitatu na hatua 14. Hatua ya kwanza ilikuwa Machi 1959, ikigusa Bexleyheath na njia ya 654. Mwanzoni yaliletwa mabasi ya aina ya zamani yaliyokuwa ya ziada, na kuanzia Novemba 1959 zikaja Routemaster.

16. Siku ya mwisho ilikuwaje?

Ilikuwa 8 Mei 1962, siku nane kabla ya kutimiza miaka 31. Zilimalizikia pale pale zilipozaliwa, kwenye gereji ya Fulwell karibu na Twickenham. Diddler namba 1, iliyokuwa imehifadhiwa, ilitolewa na kutembezwa kwa heshima. Watu walijipanga barabarani usiku, na trolibasi namba 1521 ya njia ya 604 ikaingia gereji baada ya saa sita usiku. Umeme ukakatwa.

17. Zote zilikatwa kuwa chuma chakavu?

Nyingi, ndiyo. Lakini kulikuwa na kundi jipya la 127 zilizoundwa kati ya 1948 na 1952, ambalo tangazo la 1954 lilikuwa limeliacha nje. Wazo lilikuwa kubakiza njia chache za kusini-magharibi. Wazo hilo likafa, na 125 kati yake zikauzwa Uhispania, ambako milango ilihamishwa kwa sababu huko wanaendesha kulia. Baadhi zilitumika hadi miaka ya 1970. Magari yaliyoambiwa yamepitwa na wakati yalikula chumvi nyingine ya miaka zaidi ya kumi.

## Maswali ya pembeni

18. Naweza kuipanda mojawapo leo?

Unaweza. Makumbusho ya East Anglia Transport Museum, huko Carlton Colville karibu na Lowestoft, yana trolibasi za London, ikiwemo ile 1521, na nyaya za kuziendeshea. Mengine ni ya Sandtoft, kaskazini zaidi, ambako kuna hata iliyorudishwa kutoka Uhispania. Diddler namba 1 ni mali ya London Transport Museum. Ulizia siku za maonyesho kabla ya kusafiri, kwani haziendeshwi kila siku.

19. Afrika Mashariki iliwahi kuwa nazo?

Hapana. Mombasa ilikuwa na vigari vya troli mwanzoni mwa karne ya 20, lakini hivyo ni vya reli nyembamba vikisukumwa na watu, na vinafanana na trolibasi kwa jina tu. Barani Afrika, Johannesburg ilidumu nazo hadi 1986, na Marrakech ikazindua njia yake mwaka 2017, ikiunganisha nyaya na betri.

20. London itazirudisha?

Hakuna mpango wa kurudisha nyaya mitaani. Mabasi ya betri yamechukua nafasi ya hoja hiyo, na London sasa ina zaidi ya 2,000. Lakini mwishoni mwa 2024 njia ya 358 ilipewa mabasi ya umeme yasiyosubiri gereji ili kuchajiwa. Yanafika mwisho wa safari, mkono wa chuma unashuka kutoka kwenye nguzo na kugusa paa, basi linajaza betri kwa dakika chache, kisha linaondoka. Mwisho mmoja wa njia hiyo ni Orpington. Mwingine ni Crystal Palace, juu ya Anerley Hill, mahali ambapo trolibasi ya 654 iliondoka chini ya nyaya kwa mara ya mwisho mwezi Machi 1959.